Pama sio Panama: ilinigharimu 75,000 kujua

Wadau, mwaka juzi nilipandisha pama sita za ukindu kwenye status: "PANAMA ORIJINO KUTOKA PANAMA, 25,000 tu". Mteja wa Mugumu akachukua tatu. Siku mbili mzigo ukarudi na basi. Ameandika: "Dada, hizi zimeshonwa. Hujui unachouza."

Nikarudisha 75,000, nauli juu yangu. Kwa kaduka ka hapa Nyakunguru hiyo ni hela ya mzigo wa wiki nzima.

Nikakaa kusoma. Kumbe hata Panama yenyewe haitoki Panama! Inasukwa Ekuado, kwa nyuzi za mmea unaoitwa toquilla. Panama ilikuwa njia tu ya kuuzia. Kuanzia 1849 watu waliokimbilia dhahabu California walikatiza pale, wakanunua kofia za jua njiani. (Sisi majirani wa Nyamongo tunajua mtu wa dhahabu akiwa na hela anavyonunua.) 1906 Rais Roosevelt wa Marekani akapigwa picha ameivaa kwenye ujenzi wa mfereji, jina likaganda. Waekuado wenyewe walisubiri hadi 2012 UNESCO ilipoutambua usukaji wao kama urithi.

Ile inasukwa nzima, kuanzia utosini kwenda ukingoni. Zetu ni kazi nyingine kabisa. Majani machanga ya mkindu yanakaushwa, yanachanwa, ya rangi yanachemshwa na rangi. Akina mama wa pwani wanasuka ukili mrefu, halafu unazungushwa na kushonwa ukingo kwa ukingo, kama mkeka. Ile mistari ya mzunguko ndiyo alama yake, na mimi nilikuwa naificha kwenye picha!

Siku hizi naandika "pama ya ukindu, ukili wa kushonwa", na picha ya kwanza ni mshono kwa karibu. Wanunuzi wangu wakubwa ni akina mama wa mnadani. Kapelo haifuniki shingo wala masikio, pama inafunika na hewa inapita.

Kwenye kutuma: ukindu mkavu ukikunjwa unakatika. Nyunyizia maji kidogo, acha upoe, jaza magazeti ndani, tia kwenye boksi. Ikiwa bado na unyevu usifunge, itaota ukungu.

Yule wa Mugumu nilimtumia picha ya mshono na bei mpya, 18,000. Akajibu usiku: "Sasa sawa. Nitumie mbili."