Neno Letu Lilivyofika Kwenye Nyota

Asubuhi isiyo na mawingu, mkulima anayeelekeza maji kwenye majaruba ya mpunga hapa Chekereni akiinua macho kaskazini huiona Kibo yote, nyeupe kileleni. Kilele hicho tunakiita Uhuru, kwa kumbukumbu ya Desemba 1961, bendera yetu na Mwenge vilipopandishwa huko. Watoto wetu hulijua jina hilo kabla hawajajua kusoma. Wasilolijua wengi wao ni kwamba miaka mitano tu baadaye neno hilo lilipelekwa mbali zaidi ya mlima.

Tarehe 8 Septemba 1966, televisheni ya Marekani ilianza kuonyesha tamthilia ya Star Trek, hadithi ya kubuni kuhusu chombo kinachosafiri angani katika karne ya 23. Ofisa wa mawasiliano wa chombo hicho alikuwa mwanamke Mwafrika aitwaye Uhura. Nichelle Nichols, aliyeigiza nafasi hiyo, alisimulia kwamba siku ya usaili alikuwa amebeba kitabu chenye jina la Uhuru. Mtunzi wa tamthilia, Gene Roddenberry, akavutiwa na neno, likageuzwa kidogo likawa jina la mtu. Baadaye Uhura alipewa pia jina la kwanza, Nyota, lililosikika katika filamu ya mwaka 2009.

Kiswahili kilisikika katika tamthilia hiyo tangu usiku wake wa kwanza. Katika sehemu moja ya mwaka 1967, Uhura anafutwa kumbukumbu zote, akaanza kufundishwa upya kusoma Kiingereza. Anapokwama, ulimi wake unarejea kwenye Kiswahili. Watunzi wa ng'ambo waliona jambo ambalo kila mzazi analifahamu: lugha ya nyumbani ndiyo huwa ya kwanza kurudi.

Baada ya msimu wa kwanza, Nichols alitaka kuacha kazi hiyo. Kwa masimulizi yake, alikutana na Dk. Martin Luther King, naye akamsihi abaki, akimweleza kwamba hicho ndicho kipindi pekee ambacho yeye na mkewe waliwaruhusu watoto wao kukesha wakikitazama. Wazazi wenzetu, hapo pana funzo. Mzee yule alijua watoto wake wanatazama nini, na alijua kwa nini.

Mapenzi ya watazamaji yalizaa mengine. Mwaka 1968 mashabiki waliandika barua kwa maelfu kuzuia tamthilia isifutwe. Mwaka 1976, barua zao nyingine zikafanya chombo cha kwanza cha safari za anga cha aina yake nchini Marekani kiitwe Enterprise, jina la chombo cha hadithini. Dk. Mae Jemison, aliyemtazama Uhura akiwa mtoto, mwaka 1992 alikuwa mwanamke wa kwanza mweusi kwenda angani. Hata lugha ya viumbe wa kubuni wa tamthilia hiyo, Klingon, imetungiwa kamusi iliyotoka mwaka 1985, na wapo watu wazima wanaojifunza kuizungumza, ingawa haina kijiji hata kimoja duniani.

Sisi tuna lugha yenye vijiji, masoko, misikiti na mashairi, na bado tunawasikia wazazi wakijisifu kwamba mtoto wao anajua Kiingereza tu, Kiswahili kinampiga chenga. Wageni walidhani Kiswahili kitakuwa hai karne ya 23. Je, katika nyumba zetu kitavuka hata kizazi hiki?

Hatusemi kwamba mtoto wa Kiislamu aachiwe kila kinachopita kwenye kioo. Katika tamthilia hiyo mzazi atakuta mengi ya kukataa, yakiwamo mavazi na simulizi za ulimwengu zisizomtaja Muumba wake. Ndiyo maana inafaa kuketi naye, kumuuliza ameona nini, na kumsahihisha kwa upole.

Tena tuna yetu ya kumsimulia. Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mushtari, Zohali: majina hayo ya sayari tumeyarithi kupitia Kiarabu, lugha ya wanafalaki wa Kiislamu waliozipima nyota karne nyingi kabla ya televisheni. Na mwaka 2007, Sheikh Muszaphar Shukor wa Malaysia alikwenda angani ndani ya mwezi wa Ramadhani, na wanazuoni wa nchi yake wakamwandalia mwongozo wa namna ya kuswali na kuelekea kibla huko juu. Hadithi hiyo haikubuniwa.

Basi leo usiku, baada ya swala ya Isha, tuzime kioo kwa muda, tutoke na watoto uani. Hapa kwetu mbingu bado inaonekana. Tuwatajie majina hayo kwa Kiswahili, kisha tuwaache waulize jinsi ya kufika huko.