Kadi Isiyokuwapo: Bangi, Kasumba na Mgonjwa wa Riruta

Makala haya yanadhamiria kueleza jambo ambalo aghalabu huulizwa kwa sauti ya chini huko Riruta na Kawangware: je, mgonjwa wa saratani aliyelemewa na maumivu anaweza kwenda katika zahanati akapewa kadi ya kumruhusu kutumia bangi kama dawa? Jibu ni fupi. Kadi hiyo haipo nchini Kenya. Hakuna hospitali wala ofisi ya serikali yenye mamlaka ya kuitoa, na anayedai kuiuza anauza karatasi tupu. Hata hivyo, nyuma ya jibu hilo fupi kuna jingine refu, na hilo ndilo lenye manufaa kwa mgonjwa.

Dhana ya kadi ilitoka Marekani. Mnamo mwaka 1996, wapiga kura wa jimbo la California waliidhinisha matumizi ya bangi kwa wagonjwa, na mwaka 2003 jimbo hilo likatunga sheria ya kitambulisho. Daktari huandika pendekezo, mgonjwa hulipeleka kwa idara ya afya ya eneo lake, kadi ikatolewa. Ifahamike kwamba lilikuwa pendekezo, wala si cheti cha dawa cha kawaida, kwa kuwa sheria ya serikali kuu ya nchi hiyo ilikuwa imeiharamisha bangi.

Nchini Kenya, suala hili hutawaliwa na sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 1994. Sheria hiyo ilipotungwa iliweka kifungo cha miaka 10 kwa aliyepatikana na bangi ya kutumia mwenyewe. Adhabu zilifanyiwa marekebisho mwaka 2022, lakini kosa lilibaki kosa. Cha kushangaza ni kwamba kifungu kile kile cha 3 kinachoadhibu kina mlango: hakimhesabu kuwa mkosaji mtu aliye na dawa iliyodhibitiwa kwa ajili ya matibabu, kwa cheti cha daktari. Mlango basi upo. Ila kwa upande wa bangi, nyumba ni tupu, maana haimo miongoni mwa dawa ambazo daktari wa mtaani humwandikia mgonjwa.

Aliyejaribu kuijaza nyumba hiyo alikuwa mbunge wa Kibra, marehemu Ken Okoth, mzaliwa wa Kibera. Mnamo Septemba 2018 alimwandikia Spika wa Bunge la Taifa akitaka asaidiwe kuandaa mswada wa kuhalalisha na kudhibiti bangi, ikiwemo ya matibabu. Wengi walimcheka. Baadaye ilibainika hadharani kwamba yeye mwenyewe alikuwa akiugua saratani ya utumbo, na tarehe 26 Julai 2019 akafariki dunia. Mswada haukuwa sheria.

Hapa lugha nayo ina lawama zake. Katika Kiswahili neno dawa hubeba mengi mno: kuna dawa ya kikohozi, dawa ya panya, hata dawa ya viatu. Tulipounda istilahi "dawa za kulevya", tulitia katika kikapu kimoja heroini ya vichochoroni na mofini ya wodini. Mofini hutokana na afyuni, ambayo Kiswahili kiliiita kasumba. Leo msomaji akisikia kasumba hufikiria fikra mbovu zilizoachwa na mkoloni. Maana ya kwanza imesahaulika, lakini hofu yake ingalipo. Ndiyo sababu jamaa anayethubutu kuulizia bangi kwa jirani huogopa chupa ya mofini anayoandikiwa na daktari, akidhani ni dawa ya kumharakisha mgonjwa kaburini.

Na mofini ndiyo inayopita katika ule mlango wa sheria. Shirika la Afya Duniani lilipotoa ngazi yake ya kutuliza maumivu ya saratani mwaka 1986, liliweka dawa za kawaida, kama parasetamoli, chini, na mofini juu kabisa. Mgonjwa wa Riruta hataipata katika duka la dawa la kando ya Barabara ya Naivasha. Hana budi kuomba barua ya rufaa katika kituo cha afya, kisha aende kwenye hospitali kubwa yenye tiba shufaa, yaani tiba ya kupunguza mateso, au katika Nairobi Hospice iliyoanzishwa mwaka 1990 karibu na Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta. Aende na ripoti zote za vipimo. Safari nyingi huharibika kwa kuzisahau nyumbani.

Si kwamba njia hii ni laini. Ripoti ya Human Rights Watch ya mwaka 2010 ilionyesha jinsi watoto wengi wa Kenya walivyokosa dawa hii ya bei nafuu. Uganda ilitangulia: tangu mwaka 2004 iliwaruhusu wauguzi waliopata mafunzo maalumu kuandika mofini, badala ya kuwasubiri madaktari wachache. Anayetoka Kawangware kwa matatu, huku kila shimo la barabara likimchoma mifupa, anaelewa tofauti hiyo bila kuelezwa.

Dawa yenyewe ni maji machungu, huchanganywa kutokana na unga. Hunywewa kila baada ya saa nne, kwa kipimo kilichoandikwa, hata kama maumivu hayajarudi. Kuyasubiri ni kosa linalofanywa na wengi. Siku za mwanzo huleta usingizi na kichefuchefu, ambavyo kwa kawaida hupungua. Kufunga choo hakupungui, kwa hiyo daktari huongeza dawa ya kulainisha. Mgonjwa asiongeze kipimo kwa hiari yake wala asichanganye na pombe. Chupa iwekwe mbali na watoto, na anayemuuguza awe na saa na daftari la kuandika kila kipimo alichompa.