Damu Baada ya Kiharusi: Inachoeleza na Isichoeleza

Kiharusi hutokea pale mshipa unaopeleka damu kwenye ubongo unapozibwa na bonge la damu au unapopasuka, na kwa muda mrefu utabiri wa kupona umetegemea umri wa mgonjwa, ukali wa dalili na picha ya ubongo. Sasa watafiti wanaitazama damu yenyewe, kwa kuwa ubongo unapoumia huvujisha protini zake.

Protini iliyochunguzwa sana ni nyurofilamenti nyepesi, ambayo ni sehemu ya kiunzi kinachoimarisha aksoni, yaani uzi mrefu ambao seli ya neva huutumia kupeleka taarifa mbali. Aksoni inapoharibika, protini hiyo huingia katika majimaji ya uti wa mgongo, kisha chembe chache mno hufika kwenye damu, kwa kiasi kinachopimwa kwa pikogramu, yaani sehemu za trilioni za gramu. Kwa sababu hiyo upimaji wake katika damu uliwezekana kwa uhakika baada tu ya kubuniwa mitambo inayotambua molekuli moja moja. Kwa ujumla, kiwango kikiwa kikubwa, mgonjwa huelekea kubaki na ulemavu mkubwa zaidi miezi 3 baadaye. Hata hivyo, siku ya kutoa damu ina uzito wake, maana kiwango hupanda polepole, hufikia kilele baada ya wiki kadhaa na kubaki juu kwa miezi, tena huongezwa na uzee na maradhi ya figo.

Kopeptini hupanda mapema zaidi. Hiki ni kipande kinachobaki mwili unapotengeneza vasopresini, homoni ya kudhibiti maji ambayo huongezeka mwili unapotaabika, na utafiti wa Basel, Uswisi, uliochapishwa mwaka 2009, ulihusisha wingi wake na vifo na ulemavu ndani ya siku 90.

Vipimo hivi hueleza ukubwa wa jeraha na taabu ya mwili, wala havipimi uwezo wa sehemu nzima za ubongo kujifunza upya kazi za zile zilizokufa. Ni hatari, basi, hospitali yenye wataalamu wachache wa fiziotherapia ikitumia namba kubwa kumnyima mtu mazoezi, hasa katika miezi ya mwanzo, ambamo sehemu kubwa ya nafuu hupatikana.