Kolwezi: Kabla hujanunua redio ya gari, ujue kwanza nani atakujibu

KOLWEZI – Anayesafiri kwa gari lake kutoka Lubumbashi hadi Kolwezi, mwendo wa kilomita zipatazo 300 kupitia Likasi na Fungurume, anazijua sehemu ambako simu hubaki kazi yake ni kuonyesha saa tu. Mtandao umepotea. Mbele kuna msururu wa malori yaliyobeba chokaa, mafuta na asidi ya migodini, nyuma kuna mengine, na gari likiharibika hapo unamtegemea mpita njia.

Hofu ya barabara hii ina sababu. Februari 2019, lori la asidi lililokuwa likielekea mgodi wa Mutanda lilipata ajali katika kijiji cha Kabwe, na watu wapatao 20 walipoteza maisha. Wanaopita hapo kila wiki hawajasahau.

Ndiyo maana wenye magari binafsi, kuanzia mfanyabiashara wa Kasumbalesa hadi mwenye pick-up anayeikodisha kwa wakandarasi wa migodi, wanauliza swali lilelile: nifunge redio gani ya kuzungumzia? Wengi husema “motorola”, hata kama kifaa kilichopo mezani ni Kenwood, Icom, Hytera au Baofeng. Na jibu la dukani karibu kila mara huwa ni idadi ya wati. Hii ina wati 5, ile 25, ile 50. Ongeza pesa, utafika mbali.

Mimi mwenyewe niliwahi kununua jozi ya redio ndogo za mkononi kwa safari ya magari mawili kwenda Fungurume. Boksi liliahidi kilomita 50. Gari la mbele lilipovuka kilima cha pili nilibaki nikiita peke yangu, na kwa hesabu ya kwenye dashibodi tulikuwa tumeachana kilomita tatu hivi. Redio hazikuwa mbovu. Niliyekosea ni mimi, niliyenunua kwa kusoma boksi.

Ukweli wa kwanza ni huu: redio hizi za VHF na UHF, ambazo ndizo nyingi madukani, hutuma mawimbi yanayosafiri karibu kama mwanga wa taa. Yakikuta kilima au mgongo wa ardhi, yanaishia hapo kwa sehemu kubwa. Kwa magari mawili yenye antena za urefu wa mita 2 kutoka ardhini, kwenye uwanda ulio wazi kabisa, ukomo ni kama kilomita 11 au 12. Kwenye vilima vya Fungurume na msitu wa miombo, ni pungufu ya hapo. Kutoka wati 5 kwenda wati 50 kunasaidia sauti isikike safi zaidi ndani ya eneo hilo, lakini hakuondoi kilima.

Kinachobadilisha mambo ni urefu wa antena. Mtambo ukiwekwa kilimani, mita 200 juu ya barabara, unapokea sauti ya gari moja na kuirusha upya kwa jingine, na gari linaweza kuufikia kutoka umbali wa zaidi ya kilomita 60 pale ambapo hakuna kizuizi. Mafundi huuita ripita. Kampuni za migodi zinayo mitambo ya namna hiyo. Wewe mwenye gari lako huna, na huo mnara unaouona kwa mbali si wako kwa sababu tu umeuona.

Hapo ndipo swali la kweli linapoanza. Si redio gani, bali ni nani upande wa pili.

Nchini Marekani, madereva wa malori wana desturi ya miaka mingi ya kusikiliza chaneli ya 19 ya redio za CB. Australia, malori hukutana kwenye chaneli ya 40 ya redio za UHF zilizo wazi kwa raia. Mtu akifunga redio kwenye gari lake huko, siku hiyohiyo anapata watu wa kuzungumza nao. Barabara ya Likasi–Kolwezi haina mazoea hayo. Unaweza kufunga redio ya mamia ya dola, ukaita kutoka Likasi hadi Kolwezi, na usijibiwe na mtu yeyote, kwa kuwa hakuna chaneli ambayo madereva wote wamekubaliana kuisikiliza.

Kwa hiyo kama unachotaka ni magari mawili au matatu ya familia au ya biashara yasafiri pamoja, redio ya VHF ya wati 25 kwa kila gari inatosha, mradi antena ni nzuri na magari hayaachani sana. Hapo umenunua msafara unaozungumza: lori linakuja, daraja lina foleni, simameni tairi limelegea. Si kidogo, hasa msimu wa kiangazi vumbi linapoficha gari lililo mbele yako. Lakini hujanunua msaada kutoka Kolwezi ukiwa Tenke.

Mwenye gari linaloingia mgodini ana shughuli nyingine kabisa. Ndani ya shimo la mgodi wa wazi, lori la kubeba mawe linaweza kubeba tani 100 na zaidi, na dereva wake, aliyeketi juu kama ghorofani, haoni pick-up iliyo karibu na tairi lake. Ndiyo maana utaratibu wa kawaida wa migodi unataka gari dogo liwe na bendera juu ya mlingoti, taa ya kuzunguka na redio inayofanya kazi, na dereva aite, ataje namba ya gari, asubiri jibu, ndipo asogee. Kama hakujibiwa, anasimama. Kwenye migodi yetu chaneli moja inaweza kubeba Kiswahili, Kifaransa, Kiingereza na Kichina ndani ya dakika chache, kwa hiyo maneno ni mafupi na namba hurudiwa.

Na hapa ndipo watu wanapopoteza pesa. Mwenye pick-up anasikia kuna mkataba wa kukodisha magari, anakimbia dukani, anafunga redio anayoiona nzuri, anafika getini anaambiwa haifai. Sababu ni kwamba kampuni nyingi kubwa zimehamia mifumo ya dijitali. Mmoja unaotumika sana duniani unaitwa DMR, ambao kiwango chake kilitolewa mwaka 2005 na taasisi ya viwango vya mawasiliano ya Ulaya, ETSI. Mfumo huo unagawa chaneli moja katika nafasi mbili, na kila redio inapewa namba yake na kundi lake. Redio ya kizamani, ya analogi, ikiwekwa kwenye masafa hayo husikia mkoromo mtupu. Hata redio ya DMR haiingii mpaka idara ya mawasiliano ya mgodi iipangie mipangilio yake, na kama sauti imefungwa kwa siri, bila ufunguo wao hakuna kitu.

Dawa yake ni rahisi, ingawa inahitaji subira: kabla ya kununua, omba kwa maandishi orodha ya aina za redio zinazokubaliwa, masafa yake kama ni VHF au UHF, na nani atakayezipanga. Uliza pia nani analipa redio hiyo na inabaki kwa nani mkataba ukiisha. Wakandarasi wengine hutoa redio zao wenyewe, na mwenye gari anabaki na jukumu la antena na nyaya tu.

Wapo wanaofikiri wameona njia ya mkato: kununua redio ya bei nafuu, kutafuta masafa ya mgodi na kuanza kusikiliza, au hata kuzungumza. Hilo ni kosa la kisheria, na ni hatari. Ukibonyeza kitufe wakati dereva wa lori anaomba njia, umemziba mdomo. Siwezi kulipamba hilo.

Suala la sheria watu wengi huliruka. Masafa ya redio ni mali ya taifa, na nchini Kongo anayeyagawa na kuyasimamia ni mamlaka ya mawasiliano, ARPTC, yenye makao yake Kinshasa. Sekta nzima inaongozwa na sheria namba 20/017 ya tarehe 25 Novemba 2020. Maana yake kwa mwenye gari ni kwamba kununua redio si sawa na kuruhusiwa kuitumia: kifaa kinatakiwa kiwe kimeidhinishwa, na masafa uwe umepewa, kwa ada. Redio ambayo ndugu amekutumia kutoka Marekani, iliyopangiwa masafa ya raia wa kule, hapa inaweza kuangukia juu ya masafa ya mtu mwingine. Na kibali cha Kongo hakivuki mpaka. Ukipita Kasumbalesa kwenda Chingola au Kitwe, uko chini ya mamlaka ya Zambia, ZICTA. Weka nakala ya kibali ndani ya gari pamoja na karatasi nyingine. Kwenye kizuizi cha usiku, redio isiyo na karatasi huzaa maswali mengi.

Kwa anayekwenda mbali, upande wa Kasaji, Dilolo au Sandoa, mazungumzo yanageuka. Huko VHF haitoshi, na inabidi kurudi kwa ile redio ya masafa marefu, HF, ambayo wazee wa parokia na wafanyabiashara wanaiita foni. Mawimbi yake hupanda angani, yakagonga tabaka la juu na kurudi ardhini mamia ya kilomita mbele, bila mnara wowote. Wakongo wanaijua thamani yake. Kule Uele, mashambulizi ya LRA yalipozidi, mtandao wa foni za vijijini ulioendeshwa na Kanisa Katoliki pamoja na shirika la Invisible Children ulikuwa ndio njia ya kuonyana. Magari ya mashirika yenye fimbo ndefu mbele yamefungwa redio za aina hiyo, nyingi zikiwa za Codan au Barrett za Australia.

Lakini HF ina tabia zake. Mchana inataka masafa ya juu kidogo, usiku ya chini. Msimu wa mvua, radi za Katanga huijaza makelele. Inakula umeme mwingi, ni ghali, na bado inahitaji mtu aliyeketi kwenye foni nyingine saa mliyokubaliana. Kwa safari moja moja, simu ya setilaiti inaweza kuwa nafuu zaidi.

Kuna pia redio mpya zinazouzwa kwa sifa ya “masafa yasiyo na mwisho”. Fungua nyuma, utakuta sehemu ya laini ya simu. Ni simu iliyovaa nguo za redio. Mjini Kolwezi inafanya kazi vizuri. Pale mtandao unapopotea, nayo inapotea pamoja na simu yako, yaani palepale ulipoihitaji.

Ukishajua nani atakujibu, kilichobaki ni kazi ya fundi, na hapo ningegawa bajeti kwa kuianza antena. Redio ya mkononi ikitumiwa ndani ya gari imefungiwa kwenye sanduku la chuma. Antena ya nje, katikati ya paa, ndiyo mahali pazuri. Kwa VHF fimbo ya sentimita 50 hivi inatosha, kwa UHF ni fupi zaidi, kama sentimita 17. Antena ya sumaku inashika kwenye bati la chuma, lakini juu ya kibanda cha faiba cha pick-up haishiki, na hata ukiifunga kwa skrubu itakosa chuma cha chini inachokihitaji ili ifanye kazi. Mwambie fundi aipime kwa mita kabla hujamlipa, na usibonyeze kitufe cha kuzungumza wakati antena imechomolewa: unaweza kuichoma redio.

Umeme nao. Redio ya wati 50 inavuta ampea 10 au zaidi unapozungumza. Tundu la chaja ya simu si mahali pake. Nyaya ziende moja kwa moja kwenye betri, na fyuzi iwe karibu na betri, si karibu na redio, kwa sababu waya ukichubuka katikati ya njia, ni fyuzi hiyo itakayozuia moto. Wenye malori kama Howo wakumbuke kwamba yana volti 24, wakati redio nyingi za gari ni za volti 12. Bila kipunguza volti, redio haimalizi dakika.

Siku ya kuijaribu, mwache mwenzako Kolwezi na gari lake likiwa limezimwa, wewe shika barabara ya Likasi. Itane kila baada ya kilomita mbili, na uandike pale sauti ilipoanza kukatika, pale ilipopotea kabisa, na pale iliporudi ulipopanda kilima. Fanya hivyo kwenda na kurudi, kisha bandika karatasi hiyo juu ya dashibodi.