Msimu wa 1943 wa timu ya Notre Dame

Timu ya Notre Dame ya mwaka 1943, inayojulikana kwa jina la Fighting Irish, ilikuwa timu ya mpira wa Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Notre Dame, kilichopo karibu na mji wa South Bend, jimbo la Indiana, Marekani. Chini ya kocha Frank Leahy ilicheza michezo 10, ikashinda 9 na kushindwa 1. Ilipata pointi 340, na wapinzani wake wote kwa pamoja walipata 69. Waandishi wa habari waliopiga kura ya shirika la Associated Press waliichagua kuwa timu bora ya vyuo nchini, heshima ambayo Notre Dame haikuwa imeipata tangu kura hiyo ianze mwaka 1936.

Msimu huo ulichezwa wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na kwa kiasi kikubwa jeshi ndilo lililoamua nani acheze, katika chuo kipi, na mpaka tarehe ipi.

Wanafunzi wanajeshi

Kufikia mwaka 1943 vijana wengi wa Marekani walikuwa wameitwa jeshini, na vyuo vingi havikuwa na wachezaji wa kutosha. Alabama, Tennessee, Florida na Stanford ni kati ya vyuo ambavyo havikuunda timu kabisa mwaka huo.

Hata hivyo, vyuo vingine vilipata nguvu kuliko wakati wa amani. Tarehe 1 Julai 1943 Jeshi la Wanamaji lilianzisha mpango wa V-12, ambao uliwaweka maafisa watarajiwa katika vyuo 131 ili wasome wakiwa tayari wamevaa sare. Wanamaji waliwaruhusu wanafunzi hao kucheza mpira. Jeshi la nchi kavu lilikuwa na mpango wake wa aina hiyo, lakini liliwakataza wanafunzi wake kushindana na vyuo vingine. Kwa hiyo chuo chenye V-12 kilipata wachezaji, tena wengine waliokuwa wapinzani wake mwaka uliotangulia. Elroy Hirsch, nyota wa Wisconsin, alijikuta Michigan. Julie Rykovich wa Illinois alipelekwa Notre Dame. Hawakuhama kwa kutaka wenyewe: walipewa amri.

Notre Dame ilikuwa na mpango huo, na hapo ndipo ilipopata sehemu ya ubora wake. Lakini mkono uliompa Leahy wachezaji uliweza pia kuwachukua siku yoyote.

Michezo sita ya Bertelli

Mpira wa Kimarekani unakaribiana zaidi na raga kuliko soka. Timu inayovusha mpira kwenye mstari wa mwisho wa mpinzani hupata pointi 6, kisha hupewa mkwaju wa ziada wenye pointi 1. Mchezaji muhimu ni kwotabeki, anayepokea mpira mwanzoni mwa kila shambulizi na kuurusha mbele au kumkabidhi mwenzake akimbie nao. Kwotabeki wa Notre Dame alikuwa Angelo Bertelli. Mkimbiaji mkuu alikuwa Creighton Miller, aliyeachiliwa na jeshi kwa sababu ya shinikizo la damu. Msimu huo alikimbia yadi 911, nyingi kuliko mchezaji mwingine yeyote wa vyuo.

Timu ilianza kwa kuzifunga Pittsburgh 41–0 na Georgia Tech 55–13. Tarehe 9 Oktoba iliifunga Michigan ya akina Hirsch 35–12, ugenini mjini Ann Arbor, mbele ya watazamaji zaidi ya 86,000. Katika mchezo huo saa ya uwanja iliharibika, na robo ya tatu, ambayo ni ya dakika 15, ikachezwa kwa dakika 23. Wisconsin ilifungwa 50–0 na Illinois 47–0. Ni wazi kwamba timu hizi mbili zilikuwa dhaifu baada ya wachezaji wao kuhamishwa, na matokeo hayo yasichukuliwe kuwa kipimo kamili cha ubora wa Notre Dame.

Mchezo wa sita ulikuwa dhidi ya chuo cha wanamaji cha Annapolis, mjini Cleveland, na Notre Dame ilishinda 33–6. Huo ndio uliokuwa wa mwisho kwa Bertelli. Kikosi cha Marine kilimwita kambini Parris Island, South Carolina, wakati michezo minne ilikuwa bado. Alikuwa amerusha mpira mara 36 tu, mara 25 ukafika, na 10 kati ya hizo zilizaa pointi 6.

Lujack na michezo ya mwisho

Nafasi yake ilichukuliwa na John Lujack, kijana wa miaka 18. Mchezo wake wa kwanza akiwa kwotabeki wa kuanzia ulikuwa dhidi ya chuo cha kijeshi cha West Point, katika Yankee Stadium jijini New York, na Notre Dame ilishinda 26–0. Northwestern ilifungwa 25–6.

Baada ya hapo zilikuja timu za kambi za kijeshi, ambazo ziliweza kuwa na wachezaji waliokwisha maliza chuo, hata wa kulipwa. Iowa Pre-Flight, timu ya kambi ya marubani wanafunzi wa wanamaji, ilikuwa haijashindwa. Notre Dame iliishinda 14–13, yaani tofauti ilikuwa mkwaju mmoja wa ziada.

Tarehe 27 Novemba ilikutana na Great Lakes, kambi ya wanamaji kaskazini ya Chicago. Notre Dame ilipata uongozi wa 14–12 mwishoni kabisa. Ikiwa imebaki chini ya dakika moja, Steve Lach alirusha mpira mrefu kwa Paul Anderson, na Great Lakes ikashinda 19–14.

Ubingwa uliojadiliwa

Hakukuwa na mchezo wa fainali. Bingwa alipatikana kwa kura. Purdue ilikuwa imeshinda michezo yake yote 9, ukiwemo mmoja dhidi ya Great Lakes hiyohiyo, lakini iliwekwa nafasi ya tano. Malalamiko yake yana msingi. Utetezi wa Notre Dame nao una uzito: ilikuwa imezishinda timu zilizoshika nafasi ya pili, ya tatu na ya nne, yaani Iowa Pre-Flight, Michigan na Annapolis.

Bertelli alipewa tuzo ya Heisman ya mchezaji bora wa vyuo, wa kwanza kutoka Notre Dame, ingawa alicheza michezo sita tu. Baadaye alipigana katika Pasifiki, ikiwemo Iwo Jima. Lujack aliingia jeshi la wanamaji na kuhudumu katika meli ya kusaka nyambizi. Leahy mwenyewe alijiunga na wanamaji mwaka 1944, na mwaka huo West Point iliifunga Notre Dame 59–0. Kocha na Lujack walirudi chuoni mwaka 1946. Mwaka uliofuata Lujack naye alipata Heisman.