Kano ya Goti Ikichanika Kidogo, Si Lazima Upasuaji

Wachezaji wengi wa Tononoka na Mji wa Kale wakiumia goti, huogopa kisu. Lakini kano iliyochanika kidogo bila kukatika kabisa, hasa ya upande wa ndani wa goti, mara nyingi hupona bila upasuaji.

Goti likiumia, mchezaji aache mchezo papo hapo, aweke barafu iliyofungwa kwa kitambaa kwa dakika 15 hadi 20, alifunge kwa bandeji na ainue mguu. Asikandwe wala kuchuliwa siku za mwanzo, kwani huzidisha uvimbe.

Kisha apimwe hospitalini. Kano ya ndani huhitaji wiki kadhaa za mazoezi ya tiba ya viungo. Ya katikati huweza kuchukua miezi. Mazoezi huimarisha misuli ya paja ili ishikilie goti.

Goti lisilobeba uzito, linalokwama au linalolegea lionwe haraka na daktari wa mifupa, kama wale wa Hospitali Kuu ya Rufaa ya Pwani.

Maumivu kwisha si ruhusa ya kurudi uwanjani. Mchezaji asubiri hadi mtaalamu athibitishe kuwa mguu ulioumia una nguvu sawa na mwenzake.