Umtafutie Mtoto Shule ya Namna Gani?

Leo nataka tuzungumze habari ya kumtafutia mtoto shule. Nasema hasa na wazazi wa Kibera na Kawangware, mahali ambapo shule nyingi si za serikali, bali ni za watu binafsi, za makanisa au za vikundi vya wazazi.

Mwezi wa Januari mwaka wa 2019 mama mmoja wa Kawangware, ambaye kazi yake ni kufua nguo katika nyumba za Lavington, alinijia baada ya ibada. Mkononi alikuwa na karatasi mbili za karo. "Mchungaji," akaniambia, "kijana wangu aanze wapi?" Shule ya kwanza ilikuwa na ghorofa moja juu, kibao kikubwa barabarani, na sare yenye tai. Ya pili ilikuwa ya mabati, na karo yake ilikuwa karibu sawa na ile nyingine. Uani, alisema, kulikuwa na magunia ya sukuma wiki, na watoto walikuwa wakipimia miche kwa rula.

Nikamjibu bila kufikiri. Nilimwambia kwamba kijana anakwenda shule kusoma, si kulima; jembe wazazi wetu wamelishika vya kutosha. Ampeleke kwenye ghorofa. Sikwenda kuiona shule hata moja kati ya hizo mbili.

Basi, kwa nini shule hizi ni nyingi namna hii? Serikali ilipotangaza elimu ya msingi bila malipo mwezi wa Januari 2003, watoto zaidi ya milioni moja waliongezeka shuleni katika nchi yetu kwa mwaka huo mmoja. Shule za serikali zilizo karibu na vijiji hivi zilikuwa chache, nazo zilifurika. Mzazi aliyemwona mwanawe amebanwa katika umati wa wenzake, mwalimu asimjue hata jina, alirudi kwenye shule ndogo iliyo nyuma ya nyumba yake, ingawa huko hulipa. Wala si jambo jipya. Tangu mwaka wa 1929, Wakikuyu waliotengana na wamisheni walichanga fedha wakajenga shule zao wenyewe, na mwaka wa 1939 wakafungua chuo cha walimu Githunguri. Nyingi za shule hizo zilifungwa na serikali ya kikoloni hali ya hatari ilipotangazwa mwaka wa 1952. Wazee wale walichanga mbuzi na senti, na mwenye kuchanga hakuona haya kuuliza. Sisi siku hizi twalipa karo, nasi twaona haya.

Sasa nije kwenye yale magunia niliyoyadharau. Jina la Kibera limetoka katika neno la Kinubi lenye maana ya msitu, kwa maana wale askari wa Kinubi waliokaa hapo mwanzoni mwa karne iliyopita walikuta miti. Na ndani ya jina Kawangware mmejificha ndege: ngware, kwa Kikikuyu, ni kwale. Leo mtoto aweza kukua katika mahali hapa pawili asione msitu wala kwale, ila ukuta wa jirani na mtaro wa maji machafu. Huyo ndiye anayehitaji kufundishwa uumbaji kuliko mtoto wa Karen, ambaye akifungua dirisha anaona miti.

Mtu wa kwanza kuiita shule bustani ya watoto alikuwa Mjerumani, Friedrich Froebel, mtoto wa mchungaji wa Kilutheri. Aliitoa shule yake jina hilo mwaka wa 1840, naye alimpa kila mtoto kitalu chake kidogo akipande na kukitunza. Nchini kwetu, profesa Wangari Maathai, alipopokea tuzo ya Nobel mwaka wa 2004, alisimulia jinsi alivyocheza utotoni kando ya kijito, kati ya majani ya nduma, akijaribu kuokota mayai ya chura akidhani ni shanga. Alikuwa mwanasayansi tangu siku hiyo, kabla ya kushika kalamu. Na Sulemani, tukisoma Wafalme wa Kwanza sura ya 4, hekima yake ilihesabiwa pia katika maarifa ya mimea, kuanzia mwerezi mkubwa wa Lebanoni mpaka kijimea kinachojiotea kwenye ukuta. Ukuta tunao.

Kwa hiyo usidhani kwamba shule ya namna hii lazima iwe na eka kumi. Gunia moja latosha kuanzia. Hujazwa udongo na mbolea, na katikati huwekwa nguzo ya kokoto ili maji yashuke mpaka chini. Mbavuni hutobolewa matundu, na kila tundu hupandwa mche. Bustani za magunia zilienea sana Kibera baada ya fujo za uchaguzi wa 2007, watu walipokuwa na njaa. Mtoto akihesabu matundu, amejifunza hesabu. Akiandika siku aliyopanda na siku aliyovuna, amejifunza kuandika. Tena mtaala wa sasa, ulioanza nchini kote mwaka wa 2019, unadai hayo: madarasa ya chini yana shughuli za mazingira, na ya juu yana kilimo.

Lakini angalia sana, mzazi. Magunia yaweza kuwa ya kupigia picha za wageni tu. Uliza udongo ulitoka wapi, kwa sababu ule uliochotwa kando ya jalala au gereji waweza kuwa na madini ya risasi, ambayo hudhuru akili ya mtoto. Shule ikisema inawapeleka watoto kucheza mtoni Motoine au kando ya Bwawa la Nairobi, mwondoe mwanao. Maji yale ni ya choo. Afadhali wachange nauli mara moja kwa muhula waende Arboretamu, ile bustani ya miti iliyopandwa tangu 1907 ili kutafuta kuni za garimoshi.

Na kabla ya bustani, tazama nyumba yenyewe. Nenda siku ya kazi, saa nne, bila kuwapa habari. Panda ngazi mwenyewe. Tazama choo. Tazama kama darasani mna mwanga wa kusomea stima ikipotea, na kama kuna mlango wa pili moto ukitokea. Uliza kama mwalimu amesajiliwa na tume ya walimu, kama shule imeandikishwa na wizara, na mtoto atafanyia wapi mtihani wa Gredi ya Sita. Uliza watoto wanakula nini mchana. Mwalimu mkuu mwema hatakasirika.

Nayasema haya kwa aibu. Asubuhi ya Jumatatu, tarehe 23 Septemba 2019, jengo la shule moja ya binafsi pale Ng'ando, Dagoretti, liliporomoka watoto wakiwa ndani. Watoto wasiopungua saba walikufa, na wengine wengi wakaumia. Haikuwa shule ya kijana wa yule mama. Lakini naye alikuwa akisoma ghorofani, juu ya mbao, nami ndiye niliyempeleka huko. Mama aliacha nguo za watu katika beseni akakimbia kutoka Lavington mpaka Kawangware. Alimkuta kijana mzima. Akamshika mkono, wakashuka ngazi, wala hawakurudi tena.

Hakunilaumu. Jumapili iliyofuata aliniambia tu, "Mchungaji, sasa twende wote." Tukaenda ile ya mabati. Nilitazama nguzo, nikatazama choo, nikauliza habari za walimu na za mtihani. Hapakuwa na kibao cha maana. Kijana akaanza siku hiyo hiyo.

Mwisho wa muhula nilipita tena. Alinikimbilia akiwa na kopo la maharagwe lililowekwa pamba yenye maji. "Mchungaji, mbegu ikiamka, nini hutoka kwanza, jani au mzizi?"

Nikasema jani. Akacheka mpaka akakaa chini, kisha akanivuta mkono nije nione.